Betri ya Mzee Mpima

Gari lilifika gereji likivutwa kwa kamba, na kabla kamba haijalegea binti wa mwenye gari alikwishatoa hukumu.

"Fundi, liangalie tu kwa sababu amesisitiza liangaliwe," alisema akibamiza mlango wa gari lake mwenyewe. "Lakini halina shida. Baba anasahau kuzima taa."

Alisema hivyo baba yake akiwa hapo hapo, nyuma ya usukani wa gari lililovutwa, vioo vimeshushwa na masikio yake mazima kabisa. Mzee alikuwa akizitazama kucha zake kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Fundi aliyeambiwa hayo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mfupi, ovaroli yake imekunjwa miguuni mara mbili, na bisibisi ya testa, ile ya kupimia umeme, imechomekwa kwenye kilemba kama kalamu. Ndiyo maana wakamwita Bi Testa. Alikuwa na stashahada ya umeme wa magari, ameitundika ukutani ndani ya fremu, juu ya kopo la grisi, kwa sababu wateja wapya walikuwa na tabia ya kuingia, kumtazama juu hadi chini, kisha kuuliza kama fundi ametoka kidogo au amesafiri. Siku hizi hakuwa anajibu. Alinyoosha kidole ukutani na kuendelea na kazi.

"Dada, wewe sijakuuliza bado," alimwambia binti. "Mwenye gari ni nani?"

"Ni mimi," mzee alisema.

"Basi wewe ndiye utakayenieleza, mzee wangu. Ulipogeuza ufunguo, ulisikia nini?"

"Kimya. Hata ule mlio mdogo wa "tik" haukuwepo. Na saa ya dashibodi ilikuwa imezimika."

"Taa ulizima?"

Mzee alichukua muda mrefu kuliko swali lenyewe lilivyostahili. "Nadhani nilizima."

Binti alishusha pumzi kwa pua.

Neno hilo moja, "nadhani", ndilo lililomkaa Bi Testa kichwani. Mzee huyu alikuwa mpima ardhi mstaafu, na watu wote walimwita Mpima. Miaka thelathini na tano alikuwa akisimama katikati ya majirani wawili waliokunja ngumi, anakunjua ramani, anapima, kisha anasema mpaka unapita hapa, na ngumi zinakunjuka. Mtu wa namna hiyo hadhani. Alipokuwa akileta gari kwa ukaguzi wa kawaida alikuwa anasema "linalia upande wa kushoto, baada ya kona, likiwa kwenye gia ya tatu", na kweli ukilipeleka kwenye kona, likiwa kwenye gia ya tatu, linalia upande wa kushoto.

"Mara ngapi limezimika hivi?" aliuliza.

"Mara sita," alijibu binti. "Miezi minne, mara sita. Jirani anakuja kulishtua kwa betri yake, amechoka hata kusalimiwa. Nimempatia Baba miadi kwa daktari wa kumbukumbu. Na gari tumeamua liuzwe."

"Tumeamua," mzee alirudia polepole, kama anaonja neno asilolijua.

Lilikuwa gari dogo la viti viwili, la kijani kilichopauka, lenye paa la turubai linalokunjwa na kulazwa nyuma ya viti. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko nusu ya mafundi wa mtaa ule. Betri yake haikuwa mbele chini ya boneti kama magari mengi. Ilikaa nyuma, ndani ya buti, chini ya kifuniko cha mbao. Mke wa Mpima, kabla hajafariki, alikuwa akiliita "mke mwenzangu", na alikuwa akilitunza kuliko mumewe.

Bi Testa alikuwa akichangia gereji na mnyoosha bodi aitwaye Nyundo, mtu mwenye mikono kama makoleo na mdomo usiopumzika. Wenye gari walipoondoka, Nyundo alilizunguka gari akitikisa kichwa.

"Mama, hili halina paa, halina betri. Likikosa na usukani utaliitaje, toroli?"

"Nitaliita la mteja. Shika huku."

Alifungua buti, akaondoa kifuniko cha mbao, akachaji betri hadi ikajaa. Kisha akafuata utaratibu aliofundishwa chuoni na ambao hakuwahi kuuruka hata siku moja. Mlango wa dereva akauacha wazi kidogo lakini swichi yake ya taa akaibana kwa kibanio, ili gari lidhani mlango umefungwa. Swichi ya taa ya buti nayo akaibana hivyo hivyo, maana huwezi kupima umeme unaovuja huku taa ya buti inakuwakia usoni. Akaufungua waya wa hasi, akaiweka mita katikati ya waya na betri, akasubiri.

Mita ilisoma zaidi ya inavyotakiwa. Si sana, lakini zaidi. Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja, kama mtu anayechambua mchele, na alipofika kwenye fyuzi ya mota ya paa namba ikaanguka. Alimfuata mwizi hadi kwenye rilei, swichi ndogo ya umeme inayoiwasha mota hiyo: ncha zake zilikuwa zimeungua, mara zinaachia, mara zinashikana. Akaibadilisha. Kwa kuwa mkono ulikuwa umeshaingia, alisugua kutu kwenye waya unaofunga betri na bodi, akakaza mkanda wa alteneta, akapangusa vishikizo vya fyuzi vyote kwa msasa laini. Jioni ile ile aliwapigia.

"Mzee, si wewe. Ni rilei ya paa."

Upande wa pili akamsikia mzee anacheka peke yake, kicheko kidogo cha pumzi.

Wiki mbili baadaye, Jumatatu asubuhi, simu ililia. Alikuwa Mpima.

"Fundi, limekufa tena." Akashusha sauti. "Nadhani ni mimi, mwanangu. Nadhani binti yangu yuko sahihi."

Bi Testa alikuwa mtu wa kazi, hakuwa mtu wa machozi. Alimtaliki mume kwa barua ya mistari minne. Lakini aliposikia sauti ile aliiacha kazi aliyokuwa nayo mkononi.

"Usiseme hivyo," alimwambia. "Lileteni."

Safari hii alilikalia gari kooni. Siku nzima ya Jumatatu, Jumanne yote, Jumatano yote. Rilei mpya ilikuwa inafanya kazi. Alteneta ilikuwa inachaji vizuri. Alibana swichi zake, akaunganisha mita, ikasoma kiasi cha kuendesha saa ya dashibodi tu. Akafikiri labda taa ya buti haizimiki buti likifungwa. Akaiweka simu yake ndani ikirekodi, akafunga buti, akafungua, akatazama picha. Giza tupu. Taa ilikuwa inazimika kama inavyotakiwa. Akatikisa nyaya moja moja, akalipeleka gari kwenye barabara ya mawe, akalirudisha, akalimwagia maji kwa ndoo kwenye turubai. Asubuhi ya Alhamisi betri ilikuwa imejaa kama alivyoiacha.

"Umepigwa chenga, mama," Nyundo alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. "Au mzee kweli anasahau. Baba yangu mdogo alianza hivyo. Alianza na taa, akamaliza na majina yetu."

"Baba yako mdogo alikuwa anasahau na madeni. Hilo lilimsaidia."

"Si mchezo, Bi Testa."

"Najua si mchezo."

Mpima alikuja mchana ule kwa miguu, amevaa shati lililopigwa pasi, na daftari la kurasa za mraba mkononi. Aliliweka juu ya meza ya kazi, katikati ya koleo na vipande vya waya.

"Nimekuwa nikiandika," alisema. "Kila nikishuka garini. Sikutaka kukuonyesha, ni aibu."

Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyezoea kuandika namba ambazo watu watazigombania. Tarehe, saa, kisha: *Taa kubwa, zimezimwa. Redio, imezimwa. Nimeshuka, nimezunguka mbele, nimetazama.* Ukurasa hadi ukurasa. Katika miezi ya mwisho maneno yaliongezeka: *Nimegusa swichi mara mbili. Nimegusa mara tatu. Nimebandika karatasi juu ya swichi, asubuhi karatasi ipo.* Siku ambazo gari lilikataa kuwaka alikuwa amezichorea duara jekundu.

"Sasa kama umeandika kila kitu," Bi Testa alisema, "mbona unakubali kuwa ni wewe?"

"Kwa sababu nimeanza kuwaza labda naandika kwanza, halafu sifanyi." Alilifunga daftari kwa kiganja. "Ukishaambiwa mara nyingi kwamba huna akili, fundi, hata mwandiko wako unauogopa. Nina rafiki yangu, mguu wake mbovu, Jumatatu na Alhamisi ndimi ninayempeleka kliniki. Mara saba nimemwacha anasubiri barazani na magongo yake. Hanilaumu. Hilo ndilo linaloniuma."

Aliondoka bila daftari. Pengine alilisahau, pengine alichoka kulibeba.

Hakufika mbali binti yake akaingia, bado amevaa koti jeupe la dukani. Alikuwa mfamasia, mwanamke mwenye kutembea haraka na kuongea haraka zaidi.

"Fundi, siku tatu. Limezimika?"

"Halijazimika."

"Basi niandikie. Gari ni zima, umeme ni mzima, sahihi yako na mhuri. Mnunuzi anakuja Jumapili anataka karatasi. Na Baba nataka aisome, ili tuache kubishana."

"Unataka karatasi ya kumuuzia mtu gari au ya kumfungia mtu mdomo?"

Binti alitazama pembeni. Alipogeuka, macho yalikuwa yamebadilika.

"Unadhani ninafurahia? Niko peke yangu. Mama tulimzika mwaka juzi. Kuna siku nilimkuta ameacha jiko linawaka, sufuria imekuwa nyeusi tii, yeye yuko chumbani anasoma. Leo betri, kesho jiko, keshokutwa amemgonga mtoto wa mtu barabarani. Nikisubiri mpaka hapo ndipo mtasema, binti alikuwa wapi? Niandikie, dada. Tafadhali."

Bi Testa alikuwa na mabinti wawili, na mara nyingi alijiuliza watamfanyaje siku akianza kuweka chumvi kwenye chai. Aliivuta karatasi yenye kichwa cha gereji. Akaandika tarehe. Akaandika namba ya gari. Kisha akafungua daftari la mzee, anakili tarehe za kufa kwa betri, maana karatasi ya fundi lazima iwe na historia.

Aliandika ya kwanza, Jumatatu. Ya pili, Jumatatu. Ya tatu, Jumatatu. Kalamu ikasimama. Akapitisha kidole kwenye maduara yote mekundu: Jumatatu sita na Jumanne moja. Hakukuwa na Alhamisi hata moja, na Alhamisi mzee huwa anatoka vilevile.

"Hiyo Jumanne," aliuliza, "kulikuwa na nini?"

"Nitajuaje? Ah, ngoja. Kliniki ilihamishwa, Jumatatu ilikuwa sikukuu."

"Wikendi huwa anaendesha?"

"Jumapili hatoki. Jumamosi hata haligusi, mimi nisipokuwa zamu huwa naenda kufua na kumwoshea gari. Kwani nini?"

"Mtu anayesahau, dada, hasahau kwa ratiba." Bi Testa aliikunja karatasi na kuitia mfukoni. "Sikuandikii leo. Kesho nitalirudisha mwenyewe. Jumamosi uwe pale, fanya kila kitu kama unavyofanyaga siku zote. Nataka nilione linavyolala kwenu."

"Linalala kama magari mengine!"

"Ikiwa hivyo nitaondoka, na karatasi yako utaipata."

Jumamosi saa nne alifika kwa Mpima na mita yake mkobani. Ilikuwa nyumba ndogo yenye ua wa saruji, na gari lilikuwa chini ya kibanda cha bati ubavuni mwa jiko. Mzee alikuwa barazani kwenye kiti, amekatazwa kugusa kitu, anajifanya hamnazo na gazeti. Binti alikuwa amefunga khanga kiunoni, viatu amevua, ndoo mbili ziko miguuni. Bi Testa alikaa juu ya kreti na kutazama, na hakusema neno kwa karibu saa mbili, jambo ambalo Nyundo asingeliamini hata kwa kiapo.

Binti aliosha vizuri. Hakuwa anamwaga maji ovyo. Alilipangusa turubai kwa sifongo, akafuata mishono, akakausha kwa kitambaa. Akatoa mazulia ya miguuni akayaanika. Akafungua buti, akatoa zulia lake, akalinusa na kukunja pua, akapangusa sakafu ya buti hadi pembeni kwa betri. Taa ndogo ya buti ilikuwa inawaka, lakini mwanga wa mchana uliimeza. Ungeiona kama ungeitafuta. Saa sita kasoro alirudisha zulia, akashika mfuniko wa buti kwa mikono miwili, akaushusha kwa upole kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

*Tak.*

Bi Testa aliinuka kwenye kreti.

Gereji alikuwa amelifunga buti lile mara hamsini wiki ile, na kila mara lilikuwa limemjibu mara mbili: tak, halafu tak. Kufuli la zamani, lina hatua mbili. Ya kwanza inalishika lisifunguke. Ya pili inalivuta hadi likae. Na yeye alilibamiza kila mara, kama fundi yeyote anavyobamiza.

"Umelifunga?" aliuliza.

"Nimelifunga."

"Linyanyue."

Binti alijaribu kulinyanyua. Halikunyanyuka. "Si unaona? Limefungwa."

Kwa macho lilikuwa limefungwa kweli. Labda unene wa kidole kidogo ulikuwa umebaki, na rangi iliyopauka ilificha hata huo. Bi Testa alipiga magoti kwenye saruji yenye maji, akaziba mwanga kwa viganja pande zote mbili za uso, akaweka jicho kwenye ule ufa. Kisha akasogea.

"Njoo. Weka jicho hapa. Ziba mwanga kwa mikono."

Binti alipiga magoti. Bi Testa hakuwa na haja ya kumuuliza anaona nini. Aliona mgongo wake unavyolegea. Ndani kulikuwa na mwanga wa njano, umetulia, kama chumba cha mtu ambaye bado hajalala.

"Mbona hulifungi hadi mwisho?"

"Linanuka," binti alisema, bado jicho liko kwenye ufa. "Paa likikunjwa na unyevu, maji yanashuka humu. Mama alikuwa akiacha buti lipumue, Jumamosi hadi Jumatatu. Turubai lisioze. Alinifundisha nikiwa mdogo: lilaze, usilibamize." Akakaa chini kabisa, khanga kwenye maji. "Lakini Mama alifanya hivyo miaka yote. Betri haikufa hata siku moja."

Bi Testa alikuwa ameshafika huko kabla yake, na alichokikuta kilikuwa kimemuunguza masikio.

"Wakati wa mama yako taa hii ilikuwa mbovu," alisema. "Soketi ilikuwa na kutu. Miezi mitano iliyopita mzee alileta gari kwa ukaguzi, nikaona anapapasa magongo ya rafiki yake humu gizani. Nikasugua soketi, nikamwekea balbu bure. Iliyokuwepo kwenye droo ilikuwa ya wati kumi. Niliiweka mimi, kwa mkono huu. Halafu wiki nzima nimekuwa nikibana swichi yake kwa kibanio ili isinisumbue kupima."

Walikaa hivyo wawili chini, mmoja na diploma na mwingine na digrii, mbele ya balbu isiyozidi ukubwa wa njugu. Kila kitu kilieleweka. Jumatatu mzee anageuza ufunguo, kimya; jirani anakuja, anafungua buti kufikia betri, taa imeshakufa pamoja na betri; wanashtua gari, anabamiza buti, ushahidi umefutika. Kila magongo yakiingia humo, buti linabamizwa. Alhamisi linawaka kama jipya.

Binti alitupa jicho barazani. Gazeti lilikuwa limeinuliwa usoni, halijageuzwa ukurasa.

"Dada," alinong'ona. "Mwambie ni waya. Tafadhali. Umepata waya mbovu, umeukata, basi. Atajua si yeye, itatosha."

"Itatosha kwa nani?"

"Nimemwambia maneno... hujui nimemwambia nini. Nilimwambia anafanya makusudi ili nije kila siku. Nilimwambia Mama ana bahati hayupo kuona."

Bi Testa alipangusa magoti. Angeweza kusema mengi, na siku nyingine angeyasema yote. "Mimi waya nauandika nikiuona," alisema. "Balbu yangu nitamwambia mwenyewe. Ya kwako sina mdomo wa kuyasema."

Binti alibaki chini kidogo, akasukuma nywele nyuma kwa mkono wenye povu, akasimama. Alivuka ua akiacha nyayo za maji, akapanda ngazi mbili za baraza.

"Baba. Si wewe."

Gazeti likashuka. "Si mimi nini?"

"Betri. Si wewe, ni mimi." Akaanza kueleza, akaanzia mwisho, akarudi katikati, akamtaja Mama, akataja uvundo wa zulia, akachanganya kufuli na swichi. Mzee alimsikiliza hadi maneno yakamwishia. Hakumtazama. Alimtazama fundi.

"Balbu ya wati ngapi?"

"Kumi, mzee wangu. Niliiweka mimi. Naomba radhi kwa hilo."

Mpima alichukua penseli mfukoni mwa shati, akaandika kwenye ukingo wa gazeti. Wati kumi kwa volti kumi na mbili. Jumamosi saa sita mchana hadi Jumatatu saa mbili asubuhi, saa arobaini na nne. Alizidisha bila haraka, akisogeza midomo. "Thelathini na sita na ushee," alisema. "Betri ni ya arobaini na tano. Inabaki nane. Nane inageuza stata?"

"Betri ya umri ule? Haigeuzi."

"Haigeuzi," mzee alisema. Alipiga mistari miwili chini ya jibu, iliyonyooka kama ya rula. Halafu akailaza penseli mezani na kuifunika kwa mkono.

"Nilikuwa naogopa, Baba," binti alisema.

"Najua. Mimi pia nilikuwa naogopa. Tumeogopa miezi minne, kila mtu na chumba chake." Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikiliza. "Ungeniuliza, mama. Hukuniuliza hata mara moja. Uliniambia tu."

Binti aliingia ndani, akarudi na mkoba wake, akatoa funguo za gari, akaziweka juu ya gazeti.

"Na mnunuzi?"

"Nitampigia."

"Mpigie hapa hapa, nisikie."

Alipiga. Mnunuzi alikuwa na maneno mengi, na yeye alikuwa na moja tu, haliuzwi, akalirudia hadi likaeleweka. Alipokata simu alikaa kwenye ngazi, mgongo kwa baba yake.

"Na daktari wa Jumatano? Nifute?"

Mzee alifikiri. Aliutazama ukingo wa gazeti, namba zake, mistari yake miwili.

"Usifute. Lile jiko niliacha mimi kweli, hilo siwezi kumsingizia fundi. Nitakwenda anipime, nami nipate kujua nilipo. Lakini nitakwenda nikiendesha mwenyewe."

"Na mimi?"

"Wewe utakaa kiti cha abiria, na usinionyeshe kona."

Binti alitaka kucheka, kikatoka kilio, kisha vikatoka vyote viwili, na mzee akamwekea mkono kichwani. Bi Testa aliona hana kazi tena pale barazani. Alirudi kibandani, akachomoa balbu ya wati kumi, akaweka ndogo ya LED, isiyokula umeme mwingi, aliyokuwa nayo mkobani, akalibamiza buti hadi likajibu mara mbili.

Alipokuwa akifunga mkoba, Mpima alishuka na funguo mkononi. Alisema anakwenda kumwambia rafiki yake, maana mtu aliyesubiri barazani mara saba anastahili kuambiwa na mdomo, si kwa simu. Binti alikimbia kutafuta viatu, akakosa kimoja, akapanda hivyo hivyo. Wakalikunja paa wakigombana ni nani ashike wapi. Injini ilishika kwa mgeuzo wa kwanza, gari likatoka getini, la kijani, wazi juu, watu wawili ndani wanaongea kwa pamoja, na hakuna aliyekumbuka kumuaga fundi. Bi Testa alifunga geti la wenyewe, akaweka mkoba begani, akatoka kwa miguu.